Umbali wa mkono mmoja: michezo ya milango ya fahamu kwa mtoto mdogo nyumbani

Mtoto wa mwaka mmoja anapomwaga maji ya beseni, anapogonga sufuria kwa mwiko au anapofukua mchanga mlangoni, wengi wetu husema anasumbua. Ukweli ni kwamba anajifunza. Makala haya yanaeleza michezo rahisi ya kuamsha milango ya fahamu ya mtoto, kwa kutumia vitu ambavyo kaya nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji, Kibirizi na Katonga hadi vijiji vya Uvinza, tayari zinavyo.

Yanaeleza pia usalama, kwa sababu huku kwetu mambo haya mawili hayatenganishwi. Maji, mchanga, kokoto na vyombo vya jikoni vinamfundisha mtoto, na vitu hivyo hivyo vinaweza kumdhuru. Kanuni moja inabeba yote: mtoto mdogo anapochezea vitu hivi, mtu mzima akae umbali wa mkono mmoja. Akiwa hapo anaweza kuzungumza naye, na anaweza kumdaka.

Milango ya fahamu ni nini?

Ni njia ambazo mwili hutumia kupokea habari: kuona kwa macho, kusikia kwa masikio, kunusa kwa pua, kuonja kwa ulimi na kugusa kwa ngozi. Mtoto ana pia hisia ya kujua mwili wake umekaaje na kama unayumba. Hiyo ndiyo anayotumia akijifunza kukaa, kusimama na kutembea.

Mtoto mchanga huanza kutumia milango hii mapema sana. Akiwa bado tumboni husikia sauti ya mama yake. Akizaliwa huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, ambao ni karibu sawa na umbali kati ya uso wake na wa mama anaponyonya. Kila anachogusa, kusikia na kuona mara kwa mara kinajenga njia za mawasiliano ndani ya ubongo. Kazi hiyo huenda kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo kuliko wakati mwingine wowote wa maisha.

Ndiyo maana Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofahamika kwa kifupi kama PJT-MMMAM, kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Programu hiyo inataja mambo matano ambayo mtoto anayahitaji: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Mchezo mmoja wa beseni la maji, ukifanywa vizuri, unagusa matatu kati ya hayo: malezi yenye mwitikio, usalama na kujifunza.

Kwanza mtu, kisha kifaa

Malezi yenye mwitikio maana yake ni hii: mtoto akifanya jambo, mtu anamjibu. Akigonga sufuria, nawe unagonga mara moja, kisha unamsubiri. Akionyesha kidole ziwani, unamwambia, "Ndiyo, ule ni mtumbwi, unarudi na dagaa." Akishangaa sauti, unamtajia ni sauti ya nini.

Mtoto akipewa kapu la vitu na kuachwa peke yake, hucheza kidogo tu. Akiwa na mtu anayemtazama na kumjibu, hucheza kwa muda mrefu na hujifunza maneno. Zungumza naye lugha ya nyumbani, iwe Kiha, Kibembe au Kiswahili. Hakuna haja ya kusubiri ajue kusema ndipo uanze.

Kuzaliwa hadi miezi 6

Mchezo wa uso. Mshike mtoto karibu, mtazame machoni, mwimbie taratibu. Akitoa sauti, irudie. Mpe nafasi ajibu.

Kanga inayotembea. Shika kanga au kitenge chenye rangi kali mbele yake, usogeze polepole kulia na kushoto. Angalia kama macho yake yanaifuata.

Kulala kifudifudi akiwa macho. Mlaze juu ya mkeka uliotandikwa kitambaa safi, nawe ulale mbele yake mtazamane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulala hivyo, zikigawanywa kidogo kidogo. Inaimarisha shingo na mgongo. Akisinzia, mgeuze chali.

Mguso tofauti. Baada ya kumwogesha, pitisha kiganjani na kwenye nyayo zake kitambaa laini, kisha taulo, kisha mkono wako. Taja: "laini", "inakwaruza kidogo", "mkono wa mama".

Katika umri huu mtoto hapewi kitu chochote cha kuonja. Maziwa ya mama yanamtosha hadi atimize miezi 6.

Miezi 6 hadi 12

Hiki ni kipindi cha kila kitu kwenda mdomoni. Ni njia yake ya kuchunguza, wala si utundu.

Kapu la vitu vya nyumbani. Mwalimu wa watoto wadogo wa Uingereza, Elinor Goldschmied, aliyeishi kati ya mwaka 1910 na 2009, ndiye aliyeueneza mchezo huu. Aliona kwamba mtoto anayeweza kukaa lakini hajaanza kutembea hutulia sana akiwekewa kapu la vitu vya kawaida vya nyumbani, vya maumbo na mguso tofauti, kuliko akipewa mdoli wa plastiki. Kwetu kapu hilo ni rahisi kujaza: mwiko mdogo, kijiko cha chuma, kikombe cha bati, kipande cha kitenge, kibuyu kidogo kilichokauka na kuoshwa, gunzi safi la mahindi, kokoto moja kubwa laini iliyooshwa kwa sabuni. Weka vitu vitano au sita, kaa naye, mwache achague mwenyewe. Usimwelekeze.

Vitu vyote viwe vikubwa kiasi kwamba haviwezi kuingia mdomoni hata akilazimisha. Visiwe na ncha kali, rangi inayobanduka wala kamba ndefu. Gunzi likianza kumeguka, liondoe.

Ngoma ya dumu. Dumu tupu lililokuwa la maji na mkono wake vinatosha. Gonga polepole, kisha haraka. Nyamaza, asikie ukimya pia.

Kuonja. Akishatimiza miezi 6, chakula cha nyongeza nacho ni mchezo. Mwache ashike kipande laini cha ndizi mbivu au viazi vitamu vilivyopikwa. Akikunja uso, usimlazimishe. Mpe tena siku nyingine. Asali, ambayo mkoa wetu umejaliwa, asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja hata kama ni safi, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Mwaka 1 hadi 3

Beseni na vikombe. Weka maji kidogo kwenye beseni pana, kina cha vidole viwili tu, uwanjani chini ya kivuli. Mpe vikombe viwili vya plastiki na chupa iliyotobolewa matundu chini. Atajaza, atamwaga, atatazama maji yakichuruzika. Taja maneno: jaa, tupu, nzito, nyepesi, baridi. Mchezo ukiisha, mwaga maji palepale na ugeuze beseni kifudifudi. Maji hayo yanaweza kumwagiwa mchicha.

Mchanga na ungo mkuukuu. Mchanga wa ufukweni ni mzuri, ila uchambue kwanza. Angalia ndoano, vipande vya chupa, miiba ya samaki na kinyesi. Uchekeche, uanike juani, uweke kwenye karai. Mkavu hutiririka, uliolowa hushikana. Mtoto atagundua tofauti mwenyewe.

Njia ya nyayo. Panga sakafuni mkeka, gunia, majani makavu ya mgomba, kitambaa chenye maji na mchanga. Mshike mkono apite pekupeku. Hapa anajifunza mguso na jinsi ya kutoyumba kwa pamoja.

Matembezi ya kusikia. Tembeeni dakika kumi. Simameni: ile ni injini ya boti, yule ni kunguru, wale wanatwanga kwenye kinu, ile ni honi ya treni ikiingia stesheni.

Miaka 3 hadi 5

Chupa za sauti. Chukua chupa sita ndogo za plastiki zinazofanana. Mbili zitie mchanga, mbili maharage, mbili kokoto. Funga vizibo na uvikaze kwa gundi ya utepe. Mtoto azitikise na kutafuta zile zinazotoa sauti sawa. Mchezo wa namna hii ulitumiwa pia na daktari wa Italia, Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907.

Nani huyu? Funga katika vitambaa vidogo mchaichai, tangawizi, jani la mlimau, kitunguu na dagaa wakavu. Mtoto afumbe macho, anuse, ataje. Pilipili isiwepo.

Mkono ndani ya mfuko. Weka vitu vitano kwenye mfuko wa nguo. Apapase bila kuchungulia na kueleza: ni kigumu, ni laini, kina mviringo. Asipojua jina, muulize kinafanana na nini.

Kuelea na kuzama. Kwenye beseni lile lile, mwulize kabla ya kutia: gunzi litaelea au litazama? Jani je? Kokoto je? Kijiko? Muhimu ni kukisia na kisha kuona, wala asichekwe akikosea.

Udongo wa mfinyanzi. Afinyange chungu, samaki, mtumbwi. Vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika kalamu shuleni.

Vipi kuhusu kuchezea chakula?

Katika vitabu na video nyingi za nchi za nje utaona watoto wakimwagiwa mchele, unga au tambi wachezee. Kwa kaya nyingi za vijijini hilo halina maana, na wazee wanafundisha kwamba chakula hakichezewi. Hakuna haja ya kugombana na mafundisho hayo. Mchanga, udongo, maji, majani na magunzi vinafanya kazi ile ile.

Kuna njia nyingine pia: mtoto ashiriki kazi ya kweli. Achambue maharage pamoja na bibi akiwa amefika miaka 3 na anafuata maelekezo, afinye tonge la ugali akiwa amenawa, achume mchicha. Chakula hakipotei na mchezo umefanyika.

Tahadhari mbili. Kwanza, muhogo mchungu mbichi, maganda yake na maji yake una sumu. Usiwe kitu cha kuchezea. Pili, baadhi ya watu hukanda unga na chumvi nyingi ili udumu. Mtoto mdogo akiula kwa wingi, chumvi hiyo inaweza kumdhuru vibaya. Udongo wa mfinyanzi unatosha.

Hatari tano za kuzuia

1. Maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, ndani ya ndoo au beseni, kwa dakika chache na bila kupiga kelele. Akitumbukia kichwa kwanza kwenye ndoo hana nguvu za kujitoa. Ndoo zifunikwe na visima viwe na mfuniko. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kusogelea nyumba sehemu kadhaa za mwambao, kwa hiyo ua au kizuizi mlangoni ni jambo la kufikiria. Mtoto wa umri huu asiachiwe mtoto mwenzake amwangalie majini.

2. Kupaliwa, yaani kitu kukwama kooni. Maharage, karanga, mise, punje za mahindi, vizibo, sarafu, vifungo na kokoto ndogo ziwe mbali na mtoto chini ya miaka 3. Betri ndogo za duara za saa na za vichezeo ni hatari zaidi, kwani zinaunguza koo kwa ndani. Akimeza betri, peleka hospitali saa hiyo hiyo.

3. Kichocho na minyoo. Ziwa Tanganyika lina kichocho, hasa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia na yenye majani, wanakoishi konokono. Mtoto asichezee huko. Maji ya ziwa ya kuchezea yachemshwe na yapoe, au yakae kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kabla ya kutumika. Baada ya mchanga na udongo, mnawishe kwa sabuni. Dawa za minyoo hutolewa kwa watoto kuanzia mwaka mmoja. Ulizia zahanati yako.

4. Moto. Mafiga, jiko la mkaa na pipa la kuchemshia mawese viwe na mpaka ambao mtoto havuki. Weka mawe au benchi, na mchezo ufanyike upande wa pili.

5. Sumu. Chupa iliyowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta ya taa isigeuzwe kichezeo hata ikioshwa mara kumi. Mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda.

Mtoto akipaliwa ufanye nini?

Akikohoa kwa nguvu au akilia, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye.

Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, ita msaada na uanze mara moja. Kama hajafika mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Piga mara 5 katikati ya mabega yake kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali na ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili, mara 5. Rudia.

Kama amevuka mwaka mmoja, mwinamishe mbele na umpige mgongoni mara 5 vivyo hivyo. Kisipotoka, kaa nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa ndani kuelekea juu mara 5. Rudia. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Unaweza kukisukuma chini zaidi. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze chali mahali pagumu, anza kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata kitu kikitoka, mpeleke akaangaliwe.

Mchezo unapokuonyesha tatizo

Mzazi anayecheza na mwanawe huwa wa kwanza kugundua kasoro. Nenda zahanati ukiona moja kati ya haya:

- Amefika miezi 4 na macho hayafuati kitu kinachosogea.
- Mboni ya jicho inaonekana nyeupe. Hili halisubiri.
- Amefika miezi 6 na hageuki wala kushtuka kwa sauti yoyote, au sikio linatoa usaha.
- Amefika miezi 9 na hawezi kukaa hata akisaidiwa.
- Hajafika mwaka mmoja na anatumia mkono mmoja tu wakati wote.
- Alikuwa anajua kufanya jambo, sasa ameacha kabisa.

Nenda na kadi ya kliniki na ueleze ulichokiona kwenye mchezo. Ikihitajika atapewa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Tatizo la kusikia au kuona likijulikana mapema, mengi yanaweza kufanyika.

Mtoto mwenye ulemavu anahitaji michezo hii kama wengine. Asiyeona apewe zaidi sauti, harufu na mguso, na aambiwe unachofanya kabla ya kumgusa. Asiyesikia aonyeshwe kwa uso na mikono. Asiyeweza kukaa aegemezwe kwa mto au gunia lililojazwa nguo, vitu viletwe karibu naye. Wapo pia watoto wanaochukia mguso fulani, kama udongo uliolowa. Mwache aguse kwa kijiti kwanza, usimlazimishe.

Muda utoke wapi?

Mama anayeanika dagaa tangu alfajiri, akitoka hapo shambani na kisha jikoni, hana saa nzima ya mchezo, na haihitajiki. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinafaa, nyingine zikichanganywa na kazi: wakati wa kuogesha, wa kuchambua mboga, wa kukunja nguo.

Baba naye ana nafasi. Wavuvi wa dagaa wa taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa haziwavuti samaki mwezi ukiwaka. Siku hizo baba yuko nyumbani, na mtoto anamjua baba kwa kucheza naye. Babu na bibi wana nyimbo na michezo ya vidole ambayo hakuna duka linaiuza.

Na simu? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe kutazama skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Pungufu ni bora. Simu inafaa kukusaidia wewe kusoma makala haya. Kwa mtoto, beseni, mchanga na sauti yako vinatosha.

Leo jioni chagua mchezo mmoja tu unaolingana na umri wa mwanao. Chambua vifaa, ondoa vidogo vya kumezeka, kaa chini karibu naye, na usubiri uone ataanza na kipi.